Mteja wa ofisini kanipa kazi, nikikubali si nitaonekana nimemsaliti bosi?

Anti shikamoo. Pole na majukumu, najua unapokea meseji nyingi ila hii naomba usiipite maana nina muda mpaka mwisho wa mwezi tu na usingizi sipati kabisa.

Mi ni mdada wa miaka 31, nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa kike ana miaka minne, tunaishi Temeke. Nafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mwaka wa sita sasa. Nilianza nikiwa nimetoka chuo sijui hili wala lile, nikawa mtu wa kukimbiza makaratasi, asubuhi uko kwa wakala wa meli unafuata DO, ile hati ya kuruhusu mzigo utolewe, mchana uko bandarini, jioni unarudi ofisini miguu imevimba. Bosi wangu ni mama mmoja mtu mzima, ofisini wote tunamuita Mama. Huyo ndo aliyenipokea wakati sina mtu wa kunishika mkono hapa mjini, akanifundisha mwenyewe kusoma BL (hati ya mzigo inayotolewa na meli), kuandaa tansad (fomu ya kutangaza mzigo forodhani), kuongea na maafisa wa forodha bila kutetemeka, na mwaka juzi akanilipia ada ya kile cheti cha mawakala wa forodha cha Afrika Mashariki pale Chuo cha Kodi. Kwa kifupi kila ninachokijua kwenye hii kazi nimekipata kwake.

Sasa tuna mteja wetu mmoja wa siku nyingi, mzee wa Lubumbashi, analeta spea za malori na vigae, mizigo inashukia Dar inapanda lori mpaka Tunduma, inakatiza Zambia, inaingilia Kasumbalesa. Ni mtu mstaarabu, Kiswahili chake kile cha Katanga tunaelewana vizuri tu, akija anasalimia mpaka mlinzi. Mwaka jana kontena lake moja lilikwama kwa sababu uzito kwenye BL na kwenye pakin-listi, ile orodha ya vilivyofungwa ndani, ulikuwa haulingani, Mama alikuwa amesafiri kwenye msiba, ikabidi nihangaike mwenyewe na wakala wa meli mpaka manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, ikarekebishwa na mzigo ukatoka kabla hajaanza kuhesabiwa storeji, na kila hatua nilikuwa nampigia simu namwambia hapa tumefika hapa bado. Mi niliona kazi ya kawaida tu, yeye kumbe aliiweka moyoni.

Mwezi uliopita alikuja ofisini kuchukua makaratasi yake, wakati nampeleka mlangoni akaniambia yeye na wafanyabiashara wenzake wawili wanafungua ofisi Kurasini ya kufuatilia mizigo yao yote, wamechoka kila mtu kupiga simu kivyake, na wanataka mtu wa kuisimamia hiyo ofisi, na jina alilowapa wenzake ni langu. Mshahara kasema 1,300,000, mi sa hivi napata 750,000. Ila itabidi niwe naenda Tunduma kama wiki moja kila mwezi.

Anti tangu siku hiyo sina amani. Kwanza Mama, namwangaliaje usoni? Kuna dada mmoja ofisini nilimdokeza kidogo akaniambia huko ni kumwibia Mama mteja na nikiondoka nitasemwa soko zima. Pili naogopa wataniambia nimebebwa, maana kazi yenyewe haikutangazwa wala sikufanya intavyuu, na mimi sijawahi kusimamia hata watu wawili. Tatu mama yangu mzazi yuko Korogwe, nilipomwambia akakaa kimya alafu akauliza, huyo mzee wa watu anakutafutia nini mwanangu? Hapo ndo nikaishiwa nguvu. Mume wangu yeye anasema pesa nzuri nenda, kashaanza kupiga hesabu za kiwanja Chamazi, lakini ya kunisaidia kuamua hana.

Mzee juzi kapiga sikupokea. Nisaidie Anti, nakubali au nabaki zangu?

Mdogo wako, Temeke.

*

Marahaba mwanangu. Poa moyo kwanza, alafu huyo mzee mpigie leo. Hata kama hujui utamjibu nini mpigie umwambie umeiona simu na unaifikiria ofa yake, kwa sababu mtu aliyekusifia kwa wenzake usipompokelea simu anaanza kujiuliza alisifia nini. Hayo mengine tunayaongea taratibu.

Msimamo wangu nakupa mapema usije ukasoma barua nzima unatafuta. Naona ukubali, lakini iwe hivi: Mama yako wa ofisini aisikie habari hii kutoka mdomoni mwako na si kutoka sokoni, na kabla hujaandika barua ya kuacha kazi uwe umeshika mkataba wa huko mkononi, umesainiwa. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana basi usiende. Sasa nikueleze kwanini.

Hili la kubebwa linanikera kidogo, sio wewe unanikera, ni jinsi tulivyozoeshwa kuona kazi halali ni ile iliyotoka gazetini tu mkaitwa watu mia tatu mkapangwa foleni. Kubebwa ni pale mtu anapewa nafasi kwa sababu ya ukoo au kwa sababu ya kitu kingine tusichotaka kukitaja, na kazi yenyewe haiwezi. Wewe huyu mtu kakuangalia miaka, mizigo yake mwenyewe, hela zake mwenyewe ziko hatarini, akaona BL inagongana na pakin-listi na bosi hayupo alafu mtoto wa kike wa ofisini hakukimbia, kahangaika na manifesti na simu anapiga. Niambie ni intavyuu gani ya dakika arobaini ingemwonyesha hayo. Ushafanyiwa usaili mrefu kuliko wote tunaowajua, tatizo hukuambiwa kwamba ulikuwa kwenye usaili.

Na hii sio ya kwako peke yako. Kuna mtaalamu wa sosholojia Mmarekani anaitwa Mark Granovetter, mwaka 1973 alichapisha utafiti wake kuhusu watu wa Newton, pale jirani na Boston, waliokuwa wamebadili kazi karibuni, akawauliza wale waliopata kazi kupitia mtu, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema mara kwa mara walikuwa kama 17 tu kwenye kila 100. Wengi, zaidi ya nusu, walisema tulikuwa tunaonana mara mojamoja, na kuna zaidi ya robo waliosema ni nadra sana. Sababu yake ukiifikiria ni rahisi, ndugu na marafiki zako wanajua nafasi zilezile unazozijua wewe maana mnakaa pamoja mnasikia habari moja, lakini mteja, msambazaji, afisa wa ofisi nyingine, dereva wa lori anayekuja mara moja kwa mwezi, hao wanatoka kwenye dunia nyingine na wakija wanakuja na habari za huko. Kwa hiyo nafasi kuja kupitia kwa mteja wala sio kitu cha kuonea aibu, ndo njia ambayo nafasi nyingi zinapita.

Haya, tuje kwa Mama, maana naona hapo ndo moyo unapouma na mi naona una haki ya kuumia. Mtu aliyekufundisha kazi kwenye huu mji ni mtu mkubwa, sitakwambia umsahau. Lakini tenganisha vitu viwili. Shukrani unayo na utakuwa nayo siku zote, hiyo hailipwi kwa kukaa kwenye dawati lake mpaka uzeeke, inalipwa kwa namna unavyomtendea ukiwa kwake na namna utakavyoondoka. Na nikuulize, Mama alipokulipia ile ada ya Chuo cha Kodi ulisaini karatasi yoyote? Waajiri wengine wakilipa ada wanaandikishana na mfanyakazi kwamba atatumikia muda fulani au atarudisha hela. Kalitafute hilo karatasi usiku huu, na kama lipo na muda haujaisha basi hiyo ni hesabu ya kuzungumza na Mama na pia ya kuzungumza na Mzee, huenda wao wakairudisha. Kama halipo, basi ulikuwa msaada wa mzazi na utamshukuru kama mzazi.

Sasa lile la kumwibia mteja, huyo dada wa ofisini kakuogopesha bure lakini kagusa kitu cha kweli. Ungekuwa umemfuata wewe mzee ukamwambia njoo nikufanyie mwenyewe kwa bei nafuu, huo ungekuwa wizi na ningekwambia hivyohivyo. Wewe hukumfuata. Ila bado unaweza ukaharibu kwa njia ndogondogo, ukakopi mafaili kwenye flashi, ukabeba orodha ya namba za wateja, ukaanza kumfanyia mzee kazi kwa siri ukiwa bado unalipwa na Mama. Hayo usiguse hata moja. Taarifa za wateja ni za ofisi, na siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sio maneno ya adabu peke yake. Ulichonacho kichwani ni chako, kilichomo kwenye kompyuta ya Mama kiache kwenye kompyuta ya Mama.

Alafu kuna jambo naona wewe na huyo dada wote hamjalifikiria, na wewe kwa cheti ulichonacho ulitakiwa uwe wa kwanza kuliona. Hiyo ofisi ya Kurasini itakuwa na leseni ya uwakala wa forodha? Unajua vizuri kwamba kazi ya uwakala haifanywi bila leseni ya Kamishna wa Forodha, na kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 leseni hizo zinaisha kila tarehe 31 Desemba, kila mwaka unaomba upya. Jinsi ulivyonieleza, watu hawa wanataka mtu wa kufuatilia mizigo yao, hawajasema wanafungua uwakala. Kama ndivyo basi watahitaji wakala mwenye leseni wa kuwatolea mizigo, na wakala wanayemjua na kumwamini ni nani kama sio Mama? Yani inawezekana kabisa ukaondoka pale na Mama akabaki na mteja wake, na juu yake akapata mizigo ya wale wenzake wawili ambao labda leo wanatumia watu wengine. Usimwahidi Mama hilo, kwa sababu uamuzi sio wako, lakini kwenye simu ya leo muulize Mzee waziwazi, mkifungua mnategemea nani atoe mizigo? Jibu lake litakwambia mengi. Akisema tunaendelea na Mama yako, basi unakwenda kwa Mama na habari nzuri mkononi. Akisema tunataka leseni yetu tuachane naye, hapo ujue unaenda kuwa mshindani, bado sio dhambi ila maongezi yako na Mama yatakuwa mazito zaidi na ni lazima ujiandae.

Jinsi ya kumwambia, usimwandikie wasap. Mngoje ofisi ikitulia, asubuhi mapema kabla simu hazijaanza, kaa naye chini. Usianze na mshahara, wala usianze kwa kuomba msamaha kama umevunja kitu. Mwambie Mama, nimepata nafasi, aliyenipa ni fulani, alinifuata yeye, sijamjibu mpaka niongee na wewe. Alafu nyamaza umwache aongee. Anaweza akakasirika siku hiyo, mwache akasirike, ni mtu anayepoteza msaidizi wake. Anaweza pia akakuongezea mshahara hapohapo, na hili ulifikirie kabla hujaingia ofisini kwake maana ukikutwa hujajiandaa utasema ndiyo kwa huruma na wiki ijayo utalia. Jiulize sasa, Mama akisema laki tisa na cheo nabaki? Kama jibu ni ndiyo basi shida yako ilikuwa hela na wala huhitaji kwenda Kurasini. Kama jibu ni hapana, kinachokuvuta ni kazi yenyewe, basi nenda na moyo mweupe. Nikisoma ulivyoandika kuhusu lile kontena, mistari yote ile, nahisi nalijua jibu lako ila sikusemei.

Kuhusu taratibu za kuondoka, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayelipwa kwa mwezi notisi isipungue siku 28, ila angalia mkataba wako unaweza ukawa unataka zaidi. Wape hizo siku zote, ufanye kazi mpaka ya mwisho, maana ukiacha ghafla mwajiri anaweza kukukata kwenye haki zako, na zaidi ya hapo huu mji wa bandari ni mdogo, leo ni bosi wako kesho anasaini karatasi unayoihitaji. Tumia muda huo kumfundisha atakayekaa kwenye kiti chako kama Mama alivyokufundisha. Dai siku zako za likizo ambazo hujaenda, zinalipwa, na dai cheti cha utumishi, sheria inamtaka mwajiri akupe. Lakini kile kiinua mgongo cha kisheria cha siku saba kwa kila mwaka usikiweke kwenye hesabu, hicho kinamhusu aliyeachishwa na mwajiri, anayeacha mwenyewe hakipati mpaka mkataba wake uwe umesema vingine.

Sasa mama yako wa Korogwe. Usimwone mshamba. Mama anayeuliza huyo mzee anatafuta nini amewaona mabinti wangapi wameitwa kazini kumbe wameitwa kwingine, na wewe mwenyewe unawajua. Swali lake lichukue ulifanyie kazi. Miaka yote hii huyo mzee ameshawahi kukutumia meseji za usiku zisizo na mzigo ndani yake? Ameshawahi kukuita hotelini? Zawadi za ajabuajabu? Kwa ulivyomweleza naona hapana, na ofa yenyewe kaitolea ofisini kweupe, hiyo ni alama nzuri. Lakini usiishie hapo. Omba mkutano na wale wenzake wawili, wote watatu wakae na wewe, mchana, kwenye hiyo ofisi ya Kurasini au ya mwanasheria wao. Mtu mwenye nia safi hilo ombi halimpi shida yoyote, atalifurahia kabisa maana anaona amepata mtu makini. Akianza kuzungukazunguka, oh hao wako mbali, tuonane mimi na wewe kwanza tule chakula, basi mama yako alikuwa sahihi na unabaki kwako bila kujieleza. Na safari za Tunduma uliza utasafiri na nani, utalala wapi, nani analipa, iandikwe. Ukishayapata hayo mpigie mama umweleze moja moja, atatulia, wazazi wetu wanachoogopa ni giza.

Kwenye hela sasa, naomba na baba mtoto awepo wakati unasoma hapa. Hiyo 1,300,000 ni kabla ya makato au ni ya kupokea mkononi? Hujaandika na nadhani hukuuliza. Kama ni kabla ya makato hesabu inakuwa hivi, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10 ya upande wako, 130,000, inabaki 1,170,000, hapo PAYE, yani kodi ya mshahara, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ni 179,000, unabaki na 991,000 mkononi. Sasa hivi kwenye 750,000, NSSF 75,000, PAYE 51,000, unapokea 624,000 kama Mama anakata kila kitu inavyotakiwa. Kwa hiyo nyongeza yako halisi ni kama 367,000 kwa mwezi, sio ile 550,000 ambayo najua mkwe wangu kashaigawa kwenye matofali. Kama una deni la Bodi ya Mikopo kuna asilimia 15 nyingine inaondoka juu ya hapo. Bado ni hela nzuri, sikatai, ila kiwanja cha Chamazi kipigiwe hesabu ya 367,000, na kutoka humo utoe dada wa kukaa na mtoto ile wiki ya Tunduma kama mume hatakuwepo jioni.

Na hapo kwa mtoto msipite haraka. Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, sio mahali pa kusema nitarudi jioni mtoto akipata homa. Mume wako anasema nenda, vizuri, mwambie sasa tupange, ile wiki nani anampeleka shule nani anamchukua nani analala naye. Akiweza kukujibu hilo bila kukasirika basi kweli ameshakuruhusu, na mkishindwa kupanga, muulize Mzee kama safari zinaweza kuwa kila baada ya miezi miwili mpaka mtoto akue kidogo. Nafasi iliyokuja kupitia mtu anayekuheshimu inajadilika, hiyo ndo raha yake, haikuja na fomu iliyokwisha chapwa.

Mkataba uwe wa maandishi, uonyeshe mwajiri wako ni nani hasa. Ni kampuni imesajiliwa BRELA, kule wanakosajili makampuni, au ni wazee watatu wamechanga? Nani anasaini mshahara, watatu hawa wakigombana mwakani wewe unabaki na nani? Niulizie hilo la mwisho kwa sauti kabisa, biashara za ubia zinavunjika na mfanyakazi ndo wa kwanza kukosa mshahara. Hakikisha watakuandikisha NSSF na WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na mwezi wa pili uingie mwenyewe uangalie kama michango inafika. Jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, kwa sheria yetu mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri hana ile kinga ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo miezi sita ya kwanza ishi kwa mshahara wako wa zamani, ile 367,000 iweke pembeni yote. Baada ya hapo mkanunue hayo matofali.

La kusema hujawahi kusimamia hata watu wawili, muulize Mzee ofisi ina watu wangapi. Nadhani atakwambia wewe na kijana mmoja wa kukimbiza makaratasi, na huyo kijana hakuna mtu anayemwelewa kuliko wewe.

Ukimaliza kusoma hapa ongea na mume wako, kesho asubuhi ongea na Mama. Ila leoleo, baada ya ile simu, mtumie Mzee ujumbe wa kuweka kumbukumbu, unaweza kuuandika hivi:

"Shikamoo Mzee. Nashukuru sana kwa kunifikiria na kunitaja kwa wenzako. Naipenda kazi uliyonieleza na ningependa kuifanya. Kabla sijakupa jibu la mwisho naomba tukutane sote wanne hapo Kurasini mchana siku yoyote wiki ijayo, tuzungumze majukumu, safari za Tunduma, wakala atakayetoa mizigo, na mshahara kama ni kabla au baada ya makato. Naomba pia nione rasimu ya mkataba. Kwa bosi wangu nitazungumza naye mwenyewe kesho, sitapenda asikie kwa mtu mwingine."

Ukishakutana nao niandikie walichosema kuhusu leseni na ule mkataba, kama kuna kifungu hukielewi kiandike kama kilivyo tukiangalie pamoja kabla hujasaini.